Kicheko cha Mwantumu

Shekue alikuwa kitandani, kafunikwa shuka, na maji ya kumwoshea hayakuwapo. Kila nyumba mtaani ilikuwa na bomba lake la wafadhili, na bomba halifunguki mpaka watu wa nyumba hiyo washukuru kwa sauti yenye furaha ya kweli. Kumgawia jirani maji ilikuwa marufuku, aliyethubutu alikatiwa.

Bi Mwanjaa, mama wa marehemu, alijaribu kwanza. "Asanteni, wafadhili," alisema, machozi yakimwingia kinywani.

"Shukrani yako haina furaha," bomba likajibu kwa upole. "Jaribu tena, mama."

Adhuhuri ilishapita, kaburi limeshachimbwa. Wanawake waliojaa ukumbini wakamgeukia Mwantumu, mke wa marehemu. "Mwanangu," mkwewe akanong'ona, "mwenzio anangoja."

Mwantumu akapiga magoti mbele ya bomba, akafumba macho. Akamkumbuka Shekue siku ya harusi yao, na ile kanzu ya kuazima iliyomwishia magotini, naye anatembea kwa maringo kama sultani. Kicheko kikamtoka chenyewe. "Asanteni! Asanteni sana, wafadhili wetu!"

Maji yakamwagika kwa kishindo. Ukumbini vilio vikakatika. Bi Mwanjaa akakinga ndoo bila kumtazama.

"Nimemzaa mimi," akasema, "na sikuweza."

Jioni, watu waliporudi kutoka makaburini, kila bomba mtaani lilikuwa likirudia kicheko cha Mwantumu, ili majirani wajifunze namna ya kushukuru.