Punje ya Kunde

Mbaruku alitandaza ramani mezani, akaikandamiza pembeni kwa vikombe vya chai. Baada ya miaka thelathini ya ndoa, kiangazi hiki yeye na Mize, mkewe, wangeizunguka pwani yote kwa gari lao, bila haraka. Mize, ambaye siku zote alisema hajawahi kuvuka mto wa mji wao, alileta kunde kwenye kisahani. Kila mahali watakapolala wangeweka punje moja.

Mbaruku aliweka ya kwanza kwenye mnara wa taa, ya pili kwenye ghuba.

“Hapa tuiache lami,” alisema Mize, akitelezesha kidole kuelekea bara. “Kuna njia ya vumbi inapita kwenye mikorosho. Ila darajani uende taratibu, mbao zake zinacheza.”

Mbaruku aliinamia ramani. Hakuona njia wala daraja. Akatazama pembeni mwaka iliochapwa, labda ni ya zamani. Ilikuwa mpya.

“Nani kakwambia hayo, Mama Shani?”

Mize alichagua punje, akaiweka mahali peupe pasipo jina.

“Hapa tulale siku mbili,” alisema. “Kama bado wapo.”

“Akina nani?”

Kwa kukosa la kufanya, Mbaruku aliokota penseli, akaanza kuchora njia. Ilipofika mwisho wa lami ikasimama. Ndipo mkono wa Mize ulipoushika wake na kuuongoza ndani ya ule weupe, bila kusita penye kona hata moja.