Vijumba vya Njano

Mkunga mstaafu alivihesabu tena vijumba vya mbao vilivyopangwa mezani, mfano wa mtaa mpya utakaojengwa. Vyekundu thelathini na nane, vya njano vinne. Vyekundu vilikuwa nyumba za familia. Vya njano vilikuwa vya chumba kimoja, vya kupanga kwa bei nafuu, kwa mtu anayeishi peke yake.

Mwananchi akisema neno la maana, afisa mipango aliondoa chekundu kimoja, akaweka vya njano viwili mahali pake, au kinyume chake. Jioni ile madiwani wangepiga kura kama vilivyosimama. Kwa hiyo ukumbi mzima ulikuwa ukitazama vidole vya afisa.

Mkunga hakuvijali vidole hivyo. Alikuwa akimtazama mke wa mwanawe, fundi cherehani, aliyeketi mstari wa mbele na karatasi mapajani. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Mwanawe mwenyewe ndiye aliyempa habari, tena akicheka. Alisema mke wake ana huruma sana, anamtafutia mama chumba chake cha raha, na ndiyo maana amemruhusu aje mkutanoni. Mkunga hakulala siku ile. Ndoa ya miaka sita, mtoto hakuna, na sasa mkwe anataka kumtoa mama mtu nyumbani kama fagio lililochakaa. Dalili aliziona mapema. Miezi miwili sasa yule binti alikuwa akitandika godoro lake chumbani kwa mkunga, kati ya kitanda na mlango, ati kwao kuna joto. Anapima chumba, mkunga aliwaambia majirani. Anaona cherehani itakaa wapi.

Zamu yake ilipofika, mkunga alisimama.

"Nusu ya mliomo humu nimewapokea kwa mikono hii," alisema. "Sijapokea hata mmoja aliyekuja duniani kuishi peke yake. Jengeni nyumba za familia. Hivyo vya njano ni makabati ya kuwekea wazee."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Afisa aliondoa vya njano viwili, akaweka chekundu kimoja. Vilibaki viwili. Mkunga aliketi, moyo ukimdunda kama wa msichana.

Ndipo mkwewe aliposimama. Alikuwa haongei mbele za watu. Siku hizi hata dukani hakwenda. Aliikunja karatasi yake.

"Mpango huu unadhani kila mtu ana familia ya kuhamia nayo," alisema. "Yupo aliyebaki na begi lake tu. Nyumba ya vyumba vitatu haiwezi. Chumba kimoja anakiweza. Kama hakipo, atabaki palepale alipo."

Hakuna aliyecheka. Aliuliza swali moja zaidi: je, milango ya vyumba hivyo ina komeo la ndani?

Afisa alisema linaweza kuwekwa. Mkunga aliuma midomo. Kumbe anataka mzee ajifungie humo asionekane tena.

Wajane wawili walisimama kumuunga mkono, kisha kinyozi mmoja, kisha mlinzi wa shule. Vidole vya afisa vilianza kwenda mbio. Vilipotulia, vyekundu vilikuwa ishirini na tisa na vya njano ishirini na viwili. Madiwani walipiga kura: watatu kwa wawili. Mpango ukapita.

Karani alifungua dirisha la kuombea vyumba papo hapo, akaanza kugawa fomu, na foleni ikajipanga. Mkwewe alikuwa wa kwanza. Mlangoni, mwana wa mkunga, aliyekuja kuwachukua, aliwapungia mkono, akagonga saa yake kwa kidole.

Mkunga alijipenyeza hadi mbele. Watu walimpisha. Alikuwa ameshaamua: ataichana fomu ile mbele ya karani, na atakayeona haya si yeye. Alivaa miwani, akaegemea bega la mkwewe ili alione jina lake mwenyewe kwa macho yake kabla ya kulichana. Bega lile lilishtuka kama la mtoto aliyeguswa kidondani.

Kalamu haikusimama. Idadi ya watakaohamia: mmoja. Tarehe ya kuhamia: mapema iwezekanavyo. Umri wa mwombaji: miaka thelathini na mmoja.

Mkunga alibaki ameinua mkono. Nyuma yao hatua za viatu zilikuwa zikija. Mwanawe aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo mkunga aliizoea usiku kupitia ukutani, ile iliyotangulia vishindo, kama mama keshaandikishwa.

Mkunga aliushusha mkono juu ya fomu, akaifunika yote, akageuka kumkabili.

"Bado, mwanangu," alisema. "Nenda katungoje nje. Anaandika jina langu."