Sista Korongo na Mwanafunzi wa Chai

Katika wodi ya wanyama, Sista Korongo alisifika kwa kushona majeraha, na mwenyewe hakuchoka kuwakumbusha watu. Chuo kilipomletea Nguchiro ajifunze kazi kwa vitendo, alimpokea vizuri sana: akamtuma chai.

Ikawa ndiyo desturi. Kila alipolazwa mwenye jeraha, Korongo alifungua sindano na kusema, "Mwanangu, maji yamechemka?"

"Sista, leo naomba nishike uzi tu."

"Uzi? Wewe wa juzi? Na tangawizi usisahau."

Walimu wa chuo walipopita kukagua, Korongo aliwaambia binti yuko tayari kabisa, hata wodi anaweza kuachiwa. Wakafurahi, wakanywa chai.

Siku moja wauguzi wengine wote walikwenda kuchanja ndama wa nyati. Korongo akateleza, akachana bawa kwenye bati la dirisha. Damu ikachuruzika.

"Nguchiro! Njoo unishone!"

Nguchiro alikuja mbio, kisha akasimama. "Sijawahi, Sista. Kila ulipofungua sindano, mimi nilikuwa jikoni."

Korongo akalitazama bawa, akaitazama sindano.

"Nikuletee chai?" Nguchiro akauliza kwa heshima. "Hiyo naiweza."

"Nawa mikono," Korongo akasema, kwa upole ambao wodi ile haikuwahi kuusikia. "Sogea, mwanangu. Nitakuelekeza, na uulize lolote."

Nguchiro aliuliza yote aliyoyaweka moyoni tangu siku ya kwanza. Korongo akamjibu moja moja, mpaka uzi wa mwisho, bila ganzi, maana hata kuchoma ganzi hakuwa amemfundisha.