Kiu Kabla ya Moto

Bibi aliingia sauna, kibanda cha kuogea mvuke, na kibiriti mkononi, akamkuta Eino amepiga magoti mbele ya ndoo ya maji ya kumwagia mawe, anakunywa kwa kata.

"We mtoto! Ukiikausha ndoo, mawe tuyamwagie mate?"

"Nina kiu, Bibi."

Wiki nzima walikuwa wakimtania kwa kiu hiyo, kila mtu akilisingizia joto la sauna. Bibi akayagusa mawe. Yalikuwa baridi, moto haukuwa umewashwa tangu jana.

Eino akasimama. Mbavu zake zilihesabika. Kaptura ya kuogelea, iliyokuwa ikimbana likizo ilipoanza, sasa aliishika kwa mkono isianguke.

"Hebu nipulizie usoni."

Akacheka, akapuliza. Harufu ilikuwa tamu, kama ya matufaha yaliyooza. Bibi aliwahi kuinusa mara moja tu, kinywani mwa mdogo wake, siku kisukari kilipomchukua.

Kibiriti kikamponyoka.

"Nimekosa, Bibi?"

"Hujakosa kitu, mpenzi wangu," alisema, naye amekwisha kumbeba, anakimbilia gari miguu peku. "Endelea kunipulizia hapa shingoni. Usiache, nisikie."