Machozi kwa Dereva wa Treni

Mara ya nne, Verna Tolliver alicheka.

Alitakiwa alie. Alisimama kwenye jukwaa la stesheni ya Larkin, huko milimani Kolorado, amevaa gauni refu la zamani, akimpungia mkono dereva wa treni inayoondoka. Treni ilikaribia kona ikiacha moshi mweusi, na yeye akaangua kicheko mbele ya kamera.

“Simamisha!” Bwana Kessling, mwongozaji wa filamu, akatupa kofia yake chini. “Irudisheni!”

Msaidizi akapunga bendera nyekundu, na treni ikarudi kinyumenyume. Ilikuwa na miaka sabini. Watu wa filamu za makauboi waliipenda kwa sababu haikuhitaji kufanyiwa chochote ili ionekane ya kale. Lakini reli ilikuwa inafungwa. Picha hii ikishapatikana, dereva, Delbert Tolliver, angekwenda nayo moja kwa moja hadi mji wa Pueblo, ikakatwekatwe iwe vyuma chakavu.

Kessling alidhani hakuna ambaye angelia vizuri kumshinda mke halisi wa dereva. Sasa alijuta. Mara ya kwanza mama huyo aliitazama kamera. Ya pili akaangusha kikapu. Ya tatu akapiga chafya.

“Mama, kwani kulia kuna ugumu gani? Treni ya mji wenu inakwenda kufa!”

“Sijawahi kuigiza, bwana. Nivumilie.”

Opal, jirani yake, akamvuta pembeni. “Verna, unatutia aibu. Wewe si ndiye unayelia hata kuku akichinjwa?”

Verna alikwenda mpaka kwenye kichwa cha treni, akamtazama mumewe pale juu. “Del, shuka kidogo unywe kahawa.”

“Wanatungoja,” Delbert alisema, macho yake yakiwa kwenye reli.

Mara ya tano Verna alisahau kupunga mkono. Ya sita akampungia mpiga picha. Jua lilishagusa mlima. Kessling akasema imebaki mara moja tu, mwanga unakwisha.

Honi ikalia. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Verna akauma midomo, akajilazimisha kucheka tena. Kilichotoka hakikuwa kicheko. Akakumbatia nguzo, akalia kwa sauti hadi Opal naye akafuta macho.

Kessling mwenyewe akainua bendera ya kijani. Kutoka kwenye kona honi ikajibu, na treni ikashika njia yake.

“Hapo sasa!” Akamshika Verna mabega kwa furaha. “Mumeo akirudi kesho na basi, mwambie kumbe ameoa mwigizaji.”

“Harudi,” Verna alisema. “Ameniaga asubuhi. Kuna mwanamke anamsubiri Pueblo.”