Joto la Chatu wa Subilaga

Makete yote, kwa uhaba wa umeme, kila nyumba iliruhusiwa kupasha joto kitu kimoja tu. Binti yake Subilaga alipofariki, Tusekile alichagua sanduku la kioo la chatu aliyeachwa na binti huyo: upande mmoja taa, upande wa pili ubaridi, ili nyoka ajichagulie.

"Mama Subilaga, tunaganda," mumewe alisema akikohoa.

"Sisi tuna mablanketi. Yeye hawezi kujipasha joto mwenyewe."

Mumewe aliburuta godoro hadi kwenye kioo, wakalala hapo.

Asubuhi chatu alikuwa amejikunja chini ya taa, mzima. Tusekile akamtikisa mumewe ampe habari. Hakuitika, na bega lake lilikuwa la baridi. Akamfunika blanketi hadi usoni, kisha akaisogeza taa kidogo, karibu zaidi na chatu.