Sasisho la Saa Sita

Kile kitufe cha "Nikumbushe baadaye" hakikuwepo tena.

Darla Wendt aliusogeza uso karibu na kioo cha kompyuta ya mumewe, akatafuta juu, akatafuta chini. Wiki nzima alikuwa akikibonyeza kila kilipojitokeza, kama mtu anayefukuza nzi mezani. Leo kampuni ilikuwa imekiondoa. Palibaki onyo tu: mfumo wa kompyuta hii umepitwa na wakati, usiposasishwa kabla ya saa sita mchana, kompyuta itafungiwa mtandao.

Akampigia Travis, fundi wa kampuni, huko Milwaukee.

"Travis, hatuwezi kusogeza mpaka wiki ijayo?"

"Dada Darla, ningekuwa na uwezo huo ningekuwa mkurugenzi! Wezi wa mtandaoni wameshajua huo mfumo wa zamani unavuja wapi. Asiyesasisha tunamfungia mlango, hata awe nani. Mwambie Verlyn abonyeze 'Sawa', aache kompyuta ijizime na kuwaka, halafu aweke kidole chake. Basi, anaendelea na kazi."

"Lazima kidole?"

"Sasa aweke nini, pua?" Travis akacheka. "Yuko hapo nimwambie mwenyewe?"

"Yuko chini, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Nitampelekea."

Akakata simu. Hakuogopa, hakukasirika. Tangu majira ya baridi yaingie, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama vidole vyake, ambavyo dawa ya saratani ilikuwa imeviua hadi akishika kikombe cha moto hajui mpaka aone ngozi imekuwa nyekundu.

Kazi ilikuwa ya Verlyn, kupokea oda za vipuri vya malori, akiwa nyumbani kwao kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani. Lakini tangu msimu wa kuwinda kulungu, mwezi wa Novemba, aliyeifanya ni Darla. Alijibu barua pepe kwa jina la mumewe. Kwenye mikutano alizima kamera na kuandika, "Kipaza sauti changu kibovu, lakini nawasikia." Bosi alimsifu Verlyn mbele za watu: haombi ruhusa, hanung'uniki, siku hizi hata mabishano kaacha. Kompyuta yenyewe haikuzimwa hata mara moja, maana ikizimwa haifunguki bila kidole cha mwenyewe.

Na kazi hiyo ndiyo iliyoleta bima, na bima ndiyo iliyolipa dripu za Darla. Zilibaki mbili. Daktari alisema akizimaliza, ana nafasi nzuri ya kupona, akizikatisha, hana. Hakuna kazi, hakuna bima. Hakuna bima, hakuna dripu. Hayo kila mtu wa kwao anayajua tangu utotoni.

Mlango wa jikoni ukafunguka bila hodi. Jolene, dada yake, akaingia na bakuli la tambi zilizookwa na samaki wa kopo, theluji ikimdondoka mabegani.

"Loo, Darla! Tazama ulivyokonda! Na bado umekaa kwenye kompyuta ya huyo bwana? Yeye yuko wapi?"

"Chini."

"Chini, chini! Tangu Krismasi kila nikija yuko chini. Amekuwa panya?" Jolene akaliweka bakuli kwa kishindo. "Mke anaumwa, mke anapika, mke anafanya kazi, na mwanamume mzima kajichimbia huko kwenye baridi. Mimi leo nashuka. Nitampa vidonge vyake!"

"Jolene, tafadhali."

"Usimtetee!"

"Simtetei. Hapendi kuonwa alivyo sasa, ndiyo maana. Mwache."

Jolene akamtazama, hasira ikampungua. Watu wa kule hawaingilii huzuni ya mwanamume. Wanamletea chakula wanakiacha mezani.

"Ni ile huzuni yake ya kila majira ya baridi tena, eti?" akauliza polepole. "Maskini shemeji. Haya, lakini ale."

Saa tano na nusu. Darla akabonyeza "Sawa".

Kioo kikawa cheusi. Akasimama akikitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akahisi kitu, hofu ndogo iliyokuja na kupita. Kisha mwanga ukarudi, polepole, na chini ya jina la Verlyn pakatokea alama ya kidole.

Akachota maji ya moto kwenye beseni, akaweka kompyuta kwapani.

"Maji ya nini tena?" Jolene akauliza.

"Mikono yake. Huko chini kuna baridi."

"Mungu wangu, unamnawisha mikono! Nipe nimpelekee, wewe miguu yenyewe inatetemeka." Akashika ukingo wa beseni.

"Niachie, Jolene."

Alisema bila kupaza sauti. Jolene akaachia. "Sawa, bibi. Kila mtu na msalaba wake. Mimi napasha tambi."

Darla akafunga mlango nyuma yake kwa ufunguo, akashuka ngazi moja moja, akiliangalia beseni kwa sababu vidole havikumwambia kama amelishika. Akaweka kompyuta juu ya mashine ya kufulia. Huko juu alimsikia Jolene akipanga sahani. Alijua mke mwingine angelia sasa; akangoja kidogo aone kama machozi yatakuja, hayakuja.

Akainua mfuniko wa friza kubwa. Akatoa mifuko ya nyama ya kulungu, akaipanga sakafuni, akafunua blanketi, akauinua mkono wa kulia wa Verlyn kadiri ulivyokubali, akaumwagia maji. Kisha akaketi kwenye ngazi kungoja kidole kiyeyuke.